Anti, vibarua wamenikimbia zabibu zikiwa uwanjani

Shikamoo Anti.

Naandika kutoka Hombolo, Dodoma. Nina miaka 34, mtoto wa pili kati ya wanne, na tangu baba apooze upande wa kulia mwaka juzi mimi ndiye ninayesimamia shamba letu la zabibu na kiwanda chetu cha mvinyo. Nikisema kiwanda usifikirie jengo la maana. Ni banda la matofali nyuma ya nyumba, simtanki nne za lita 1,000 tulizozikata midomo ili ipanuke, mashine ya kusaga ya kuzungusha kwa mkono, na chumba cha chupa ambacho zamani alikuwa akilala kaka.

Shamba ni ekari mbili za zabibu aina ya Makutupora nyekundu. Zamani baba aliuza zabibu mbichi. Mnunuzi akija anachukua kwa bei yake, asipokuja zinaoza huku unazitazama. Ndipo tukaanza kukamua wenyewe, na miaka mitatu ya mwanzo tuliweza sisi kwa sisi: mama, mjomba, mimi na wadogo zangu. Mavuno haya ya Septemba mizabibu ilibeba mno, tukafika tani 5. Nikaona familia peke yetu tutaumbuka. Jumapili nikatafuta vibarua kumi, Jumatatu wakaanza.

Walivuna kama wanafukuzwa. Siku mbili tu, shamba likabaki majani. Lakini mashine kwa siku nzima ilisaga tani moja, kwa hiyo Jumanne jioni uwanja ulikuwa umejaa kreti, nyuki wametanda, juisi inachuruzika mchangani. Jumatano, kazi yenyewe ikiwa bado mbichi, wakaja wanne. Wengine wamekwenda kwa jirani anayelipa kila jioni. Mimi niliwaahidi kuwalipa tukishauza mchuzi wa kwanza, yaani mvinyo ambao haujatiwa chupa.

Na waliobaki nao tuliwachanganya. Mimi nasema anzeni na kreti za juani, mama anasema osheni mapipa kwanza, mjomba anawaita wavivu, na baba toka kwenye kiti chake chini ya mwarobaini anapiga kelele kwamba zabibu zilivunwa kabla ya siku zake, tuache kabisa. Simtanki zote nne tulizijaza mpaka mdomoni, zilizobaki tukatia kwenye mapipa ya bluu.

Kijana mmoja wa miaka 19 nilimwambia, "Wewe shughulikia haya matangi." Anti, alikaa mlangoni na fimbo siku mbili usiku kucha akilinda wezi. Maganda hakuyagusa. Tangi la pili likageuka siki, lita 700 zimepotea. Nikamkata pesa yake yote. Halafu wakati wa kutoa machicha huyo huyo akaingia ndani ya tangi na ndoo, mara akalegea, wakamvuta kwa mkono. Mjomba akacheka, akasema amelewa harufu. Kesho yake hakurudi.

Sasa nataka kuajiri mtu wa kudumu. Kuna wawili. Wa kwanza ni binamu yangu, mtoto wa huyo mjomba, ana diploma ya biashara na anataka aitwe meneja. Kaka anasema ndugu kwanza, pesa isitoke nje. Wa pili ni dada mmoja wa hapa kijijini, amevuna kwetu misimu yote tangu zamani za baba, aliishia darasa la tano. Huyu ndiye aliyeweka sikio kwenye lile tangi la pili akaniambia, "Hili limenyamaza mapema." Sikumsikiliza.

Nimchukue nani, na nifanyeje vibarua wasinikimbie tena?

Binti wa Mzabibu, Hombolo

*

Marahaba, binti yangu. Na pole kwa mzee.

Maswali yako yana subira. La kijana kwenye tangi halina, kwa hiyo naanza nalo, na naomba barua hii umsomee mjomba kwa sauti.

Yule mtoto hakulewa harufu. Alikuwa anakufa. Zabibu zikichachuka, sukari inageuka pombe na hewa ukaa, na hewa hiyo ni nzito kuliko tunayoivuta. Haipandi ikaondoka. Inatulia ndani ya tangi kama maji kwenye ndoo, na huioni. Hata mvinyo ukishatolewa, machicha yaliyobaki chini yanaendelea kuitoa. Anayeingia humo anavuta mara chache tu, magoti yanakwisha. Anayeruka kumwokoa anaanguka juu yake. Umeshasikia habari za watu wawili watatu wa nyumba moja kufia kwenye kisima au shimo la choo kwa sababu kila mmoja alimfuata mwenzake. Kwenye matangi ya mvinyo hutokea vivyo hivyo, hata huko Ulaya wanakofanya kazi hii tangu karne nyingi zilizopita.

Kwa hiyo kuanzia leo hakuna mtu, awe kibarua au ndugu, anayeingiza kichwa ndani ya tangi. Machicha yanatolewa kwa koleo la mpini mrefu ukiwa umesimama nje, na yakikaribia kwisha tangi linalazwa ubavu. Simtanki tupu ya lita 1,000 watu wawili wanailaza bila shida, ndiyo faida ya plastiki. Ioshe kwa mpira wa maji ikiwa imelala. Banda liwe wazi pande mbili, mchana na usiku, siku zote za kuchachua. Na akianguka mtu ndani, asifuatwe: liangusheni tangi lote. Mvinyo utamwagika. Umwagike.

Sasa vibarua. Unasema walikukimbia, na mimi nakwambia ulikuwa nao wengi mno.

Niliwahi kusimamia vibarua wa kahawa Mbinga miaka 11 kabla sijaanza kuandika hapa, kwa hiyo ya mvinyo nimemuuliza mtengenezaji mmoja wa Mpunguzi, lakini hesabu hii ni ile ile ya kahawa. Watu kumi walivuna tani 5 kwa siku mbili. Maana yake kila mmoja alitoa kilo 250 kwa siku. Mashine yako inasaga tani moja kwa siku. Tani moja ni kazi ya watu wanne. Wale sita wengine uliwalipa, au uliahidi kuwalipa, wakujazie uwanja zabibu zinazopigwa jua. Na kichala kilichopasuka kikakaa juani mchana kutwa hakikungojei wewe. Kinaanza kuchachuka chenyewe, inzi wadogo wanaleta vijidudu vya siki, na hiyo safari ya tangi la pili huenda ilianzia pale pale uwanjani kabla kijana hajashika fimbo.

Ukichukua wanne kwa siku tano badala ya kumi kwa siku mbili, jumla ya siku-kazi za kuvuna inabaki 20. Senti haiongezeki. Kinachobadilika ni kwamba kila kilichokatwa asubuhi kinasagwa kabla ya jua kuzama.

Matangi nayo yanataka hesabu yake. Zabibu zilizosagwa zinapochemka maganda hupanda juu, kwa hiyo tangi halijazwi zaidi ya robo tatu. Kwako hiyo ni lita 3,000 kwa matangi yote manne. Tani 5 zilizosagwa ni zaidi ya lita 4,500. Hata ungekuwa na malaika kumi, visingeingia. Inabidi uvune kwa mikupuo miwili, wa kwanza ukishachachuka na kukamuliwa, wiki moja au siku chache zaidi, ndipo matangi yapokee wa pili.

Utaniuliza, na zabibu zikiiva zote pamoja? Hapo ndipo mtu wa Dodoma ana bahati ambayo wenzake wa Ufaransa hawana. Kule mzabibu unalala baridi, unaamka wenyewe, unaiva mara moja kwa mwaka, na mkulima anakimbizana nao. Kwenu unafuata mkasi. Ukipogoa leo, mti unaanza kuhesabu leo, na baada ya miezi minne hivi au mitano una vichala. Ndiyo maana mnavuna mara mbili kwa mwaka. Basi pogoa ekari moja, ngoja wiki mbili, upogoe ya pili. Mavuno yatakuja yakiwa yamegawanyika, nawe hukununua hata tangi moja la nyongeza. Mpunguzi yule bwana anafanya hivyo na matangi matatu. Wataalamu wa zabibu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Makutupora, hawako mbali nanyi, wafuate kabla ya kukata wakupe ushauri wa tarehe, maana mkupuo utakaoiva Februari na Machi unaiva kwenye mvua. Sukari inakuwa chini, ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unashika majani, na hao vibarua unaowatafuta watakuwa kwenye mtama wao wenyewe. Septemba mtu wa kijijini hana shamba la kulima, anakubembeleza. Machi wewe ndiye utakayembembeleza.

Na utambembeleza kwa pesa taslimu, jioni, mkononi. Samahani kukwambia hivi mwanangu, lakini ulichofanya ni kuwakopa watu maskini kuliko wewe bila kuwauliza. Mvinyo unakaa miezi mpaka uwe pesa. Unga unanunuliwa leo. Usinilaumie jirani yako, yeye alikuwa amejipanga. Kabla ya kupogoa tenga ujira wa siku-kazi 20 za kuvuna na siku za kusaga, uweke mahali ambapo kaka hapafiki. Kama pesa haipo, uza sehemu ya zabibu za mkupuo wa kwanza zikiwa mbichi, au pipa mbili za mchuzi kwa viwanda vikubwa, hata kwa bei inayouma. Bora uumie kwenye bei kuliko kubaki na zabibu tele uwanjani na watu wanne.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo. Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, na chini ya 18 hasogezwi kwenye matangi wala kwenye dawa ya salfa. Kibarua wa mavuno mwandikie karatasi moja ya kazi maalumu: kazi gani, siku ngapi, ujira kiasi gani, unalipwa lini. Mtu wa kudumu anapewa mkataba wa maandishi, unamchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara mkigawana, na unasajili mahali pako pa kazi kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fikiria yule kijana angebaki ndani ya tangi na wewe huna hata karatasi yenye jina lake.

Tuje kwenye midomo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwenu manahodha walikuwa wanne, mabaharia wanne. Kila baharia na nahodha wake! Mama, mjomba na baba hawawezi kuondolewa, wala sikushauri ujaribu, hiyo ni nyumba yao. Wape kila mmoja kitu ambacho ni chake peke yake. Mama ashike kreti, maji na chakula cha wafanyakazi, na alipwe. Ndiyo, alipwe. Mjomba naye alipwe, kiasi kinachojulikana, siku inayojulikana. Ndugu anayefanya kazi "kwa kusaidia" anajilipa kwa kuamrisha, na anaona uchungu kila kibarua anapohesabiwa noti mbele yake.

Baba ni tofauti. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikaona kwamba huenda mzee alikuwa anasema kweli. Ulipima sukari kabla ya kuvuna? Hukuandika. Tafuta kile kipimo kidogo cha kuchungulia, rifraktomita. Tone moja la juisi juu ya kioo, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma namba. Namba hiyo ni Briksi, kipimo cha sukari. Kwenye Briksi 22 utapata mvinyo wa pombe ya asilimia 12 hivi, chini ya hapo unakuwa mwembamba na haukai. Wiki ya mwisho kabla ya mavuno, kila asubuhi mchumie baba punje kutoka pande zote za shamba, za juani na za kivulini. Yeye aonje kwanza aseme, kisha wewe usome kipimo, muandike vyote viwili kwenye daftari. Siku ya kuvuna itangazwe na yeye. Akishaitangaza, amri zote nyingine zinapita kwako. Mzee aliyeulizwa asubuhi hapigi kelele jioni.

Kuhusu "shughulikia haya matangi", ile si amri, ni dua. Mtu mpya hajui kwamba mvinyo una maganda ya kushindilia. Hivi ndivyo anavyoambiwa mtu, na uandike kwa chaki ukutani: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na kabla ya kulala, chukua mti ule wenye kibao, shindilia maganda mpaka yote yalowe. Yakikaa juu makavu, siki inaanzia hapo. Weka kipimajoto. Kikipita nyuzi 30, zungushia tangi magunia ya katani yaliyoloweshwa, na usingoje kifike 35 maana hamira inaweza kufa na tangi likanyamaza likiwa bado tamu. Andika namba juu ya tangi lenyewe. Hapo hata mtu akiugua, wa pili anasoma na kuendelea. Kwa sasa kila kitu kiko kichwani mwako, na kichwa chako siku ile ya Jumatano kilikuwa uwanjani kinafukuza nyuki.

Zile lita 700 usizimwage mpaka umeuliza. Siki ya zabibu nayo ni bidhaa, ila iende na utaratibu wa TBS, shirika la viwango, kama chochote unachotia lebo. Lile tangi liandike SIKI kwa rangi, liondoke bandani moja kwa moja, wala usilirudishie mvinyo.

Basi, wa kuajiri. Nadhani unajua nitasema nini, vinginevyo usingeniandikia habari ya sikio.

Tangi linalochachuka linachemka kwa sauti ndogo kama mvua ya mbali kwenye mabati. Mtu aliyesikia kwamba limenyamaza mapema, bila kipimo, bila kufundishwa, huyo hapatikani kwa tangazo. Mchukue, tena usimchukue mavunoni. Mchukue sasa, wakati wa kupogoa. Ndilo kosa la familia nyingi, kuajiri wiki ile ambayo hakuna mwenye nafasi ya kufundisha. Akianza na mkasi, ataujua kila mstari unapopogolewa, atahesabu vichala vikiwa kama punje za uwele, na siku ya kuvuna yeye ndiye atakayewaongoza wale wanne. Darasa la tano linatosha kusoma kipimajoto. Mfundishe rifraktomita mchana mmoja. Mpe cheo, msimamizi wa matangi, na umtangaze mbele ya mjomba akiwa amekaa, kusudi siku akimpinga ajue anakupinga wewe.

Binamu usimfukuze. Chupa zako nani anaziuza? Hukuandika hilo pia, na kwa kawaida mtu haandiki kitu kinachokwenda vibaya. Mpe katoni na daftari, mjini Dodoma kuna hoteli na wageni wa serikali mwaka mzima. Mkataba wa maandishi, miezi ya majaribio, ujira kidogo na kamisheni kwa kila katoni iliyolipwa. Iliyolipwa, si iliyochukuliwa. Kama ni mfanyabiashara ataona kwamba hapo ndipo penye pesa. Kama alitaka kuitwa meneja tu, utajua kabla ya Krismasi, na kaka naye atajua.

Limebaki moja. Ulimkata kijana pesa yake yote kwa ajili ya siki. Sheria haikuruhusu kumkata mtu ujira kwa hasara bila yeye kukubali kwa maandishi, tena baada ya kupewa nafasi ya kujieleza, na hata hapo si yote. Akienda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, atakushinda. Lakini hataenda, ana miaka 19 na anadhani alikosa.

Mtafute. Nenda kwao mwenyewe, usimtume mtu, ukae na mama yake. Mwambie amri yako haikueleweka. Umrudishie siku zake zote, na zile mbili za usiku uzihesabu pia. Halafu umuulize kama angependa kufanya kazi chini ya yule dada, maana mtu anayekesha na fimbo mlangoni kwa sababu tu bosi wake alisema "shughulikia" ndiye nitakayemweka zamu ya usiku kushindilia maganda, safari hii akiwa na chaki.